Bafta ya Picha ya Idi Pili

Mwenye duka alipoona mama anaagiza bafta nyingi kiasi kile, aliacha kupima. Aliweka kiganja chake juu ya kitambaa, akainamisha kichwa na kusema kwa sauti ya chini, "Poleni sana. Nani amefariki?"

Mama alishtuka, kisha akatabasamu. "Hatuna msiba, mzee wangu. Tunashona nguo za picha."

Yule mzee alimtazama mama, akanitazama na mimi niliyekuwa nimeshika kikapu, halafu akarudi kwenye kazi yake. Alikata ncha kwa mkasi, akashika pande mbili na kuchana. Bafta ikichanwa hulia, na dukani mle hapakuwa na bidhaa za kumeza sauti. Rafu zilikuwa tupu. Palikuwa na viberiti, chumvi, na nguo ile nyeupe tu, ambayo kila mtu mzima pale mjini alijua hununuliwa kwa kazi gani.

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Mvua zilikuwa zimekataa, mahindi yakaletwa kutoka nje, na sisi watoto tulikula ugali wenye rangi ya binzari huku tukilalamika kwamba unanuka gunia. Nguo nazo ziliadimika. Watu waliamkia foleni kwenye duka la ushirika wakiambiwa kuna vitenge, wakarudi na sabuni nusu mche. Mama alikuwa ametamani poplini ya buluu. Aliizungumzia tangu mwezi wa Shaabani: sote buluu, sare, kama wanafunzi wa shule moja. Ramadhani ikaingia, ikafika kati, buluu haikuonekana Bagamoyo wala Kerege, na baba aliyekwenda Dar kwa shughuli za shule alirudi mikono mitupu.

Picha yenyewe lilikuwa wazo la baba. Alikuwa mwalimu, na alikuwa amekutana na mpiga picha mmoja wa Dar aliyesema atakuja kwetu sikukuu ya Idi kupiga familia za watu nje, kwenye mwanga wa jua, kwa kuwa taa za studio yake zilikuwa zimeungua na hazipatikani. Sisi hatukuwahi kupigwa picha pamoja. Bibi, mama yake baba, hakuwahi kupigwa kabisa. Na safari hii dada yangu alikuwepo. Alikuwa ameolewa na bwana shamba aliyefanya kazi Lugoba, na kama ilivyo kwetu, alikuwa amerudi nyumbani kujifungua uzazi wake wa kwanza mikononi mwa mama. Mimba ilikuwa kubwa. Shemeji hakupewa ruhusa ya kuja Idi, akatuma salamu kwa dereva wa basi: walau nipatieni picha ya mke wangu.

Tulipofika nyumbani na furushi, bibi alikuwa amekaa uani anachagua mchele. Mama alifungua kitambaa juu ya mkeka ili akionyeshe. Bibi alirudisha mikono yake nyuma kana kwamba mkeka umeshika moto.

"Umeleta nini humu?"

"Bafta, mama. Ndiyo iliyopatikana."

"Ya nani?"

"Yetu sote. Baba yao kanzu anayo, sisi wanawake tushone magauni. Tutapendeza, mama. Nyeupe ni nguo ya Idi."

"Kanzu nyeupe ni nguo ya Idi," bibi alisema. "Lakini jora hii, wamekatiwa sanda wangapi kabla yenu, nawe unaijua safari yao? Unamvalisha mja mzito?"

Mama hakuwa mtu wa kubishana na mama mkwe, lakini pia alikuwa amesimama foleni na swaumu yake tangu alfajiri. Alikunja kitambaa polepole. "Nguo ni nguo," alisema hatimaye, akaenda kukoka moto.

Bibi hakuzuia tena. Kipande chake alikichukua, akachemsha magome ya mkoko kwenye sufuria kuukuu, akakitumbukiza humo mpaka kikawa na rangi ya kutu. Harufu ya magome ilikaa uani kwetu siku kadhaa. Alipokianika, maji mekundu yalidondoka mchangani, na dada akaniomba nimsogezee kigoda upande mwingine ili asiyaone.

Fundi cherehani alikuwa na baraza lake njia ya sokoni. Wanawake wa kwetu hawakupimwa na fundi. Mtu alipimwa nyumbani kwa uzi, ukatiwa mafundo, mtoto akaupeleka. Mtoto ndiye mimi. Mama alimpima dada mabega, akampima mkono, na alipotaka kuuzungusha uzi tumboni bibi akasema kutoka kizingitini, "Tumbo halipimwi." Basi tumbo likakadiriwa.

Siku tulipojaribu gauni, tumbo lilienea vizuri. Mikono ndiyo iliyokataa. Kitambaa kilimbana dada juu ya kiwiko mpaka ngozi ikatuna. Nilirudisha gauni kwa fundi, akafumua, akaongeza. Baada ya siku chache tukajaribu tena, mikono ikakataa tena. Niliporudi mara hii fundi aliushika ule uzi wenye mafundo, akaulinganisha na mshono wake.

"Mimi nimeshona sawasawa na kipimo," aliniambia. "Kwani dada yako anavimba mikono?"

"Mama anasema ni joto."

Aliendelea kuutazama uzi. "Mwambie mama aje mwenyewe tuzungumze."

Nilimwambia mama. Alikuwa anakaanga vitumbua vya futari na moshi umemjaa machoni. "Mpelekee kile kipande kilichobaki," alisema, "mwambie aachie sana." Nikapeleka.

Tulilala kitanda kimoja, dada na mimi, na nilizoea kumkanda miguu kabla ya usingizi. Vidole vyangu vilikuwa vinazama. Nilikiona ni kitu cha ajabu na cha kuchekesha. Nilibonyeza, kikabaki kishimo, nikahesabu taratibu mpaka kikajaa. Dada naye alicheka. "Nimekuwa mkate wa kumimina," alisema.

Kisha vikaja viatu. Alikuwa na viatu vya harusi, vyeupe, vya kisigino kifupi, na alivitoa kwenye sanduku akiwa na furaha kwamba sasa vimepata nguo yake. Havikupanda. Alijipaka mafuta, mama akasukuma, mimi nikavuta, havikupanda. Mama akatoka kwenda kuazima kwa jirani mwenye mguu mkubwa. Viatu vya jirani navyo vilifika katikati ya wayo vikagoma.

"Miguu ya mja mzito huvimba," mama alisema akifuta jasho. "Mimi kwako wewe nilivaa ndara za baba yako. Utakaa kwenye kiti, tutakufunika khanga, nani atatazama miguu?"

"Na kichwa kinanigonga, mama."

"Umefunga tena leo?"

Dada alikuwa amekatazwa kufunga, lakini aliona aibu kula mchana nyumba nzima imefunga. Mama alimkaripia, akamkorogea uji, na bibi akamfunga kichwani leso iliyoloweshwa marashi ya mawaridi. Jioni ile wakajaribu kumvua bangili zake za dhahabu ili zisuguliwe kwa majivu ziwe na mng'aro wa picha. Hazikuvuka kiganja. Walitumia sabuni. Dada aliuma mdomo mpaka mama akaacha, na pale bangili zilipokuwa pakabaki mfereji mwekundu. "Zisugueni mkononi humu humu," dada alisema. Basi mimi nikazisugua mkononi humo humo.

Nikikumbuka nyumba yetu wiki ile, nakumbuka jinsi sote tulivyokuwa na hofu, na hofu yenyewe ilivyokuwa imeelekezwa kwenye kile kitambaa. Bibi alikipita pembeni. Mama alikilaza chini ya nguo nyingine sandukuni. Hata baba, mtu wa vitabu, nilimsikia akimwuliza mama kama kweli haiwezekani kupata hata kitambaa cha maua, hata cha pazia. Kila mtu aliitazama nguo. Mwili uliokuwa unakataa kuingia ndani yake tuliupaka mafuta na sabuni.

Palikuwa na jambo moja zaidi la kuamua, nalo lilikuwa mahali. Mpiga picha alitaka uwanja wa mbele ya Boma la zamani kwa kuwa pana nafasi na bahari inaonekana. Bibi alisema wanawake wa nyumba yake hawatasimama uwanjani bila mabuibui wakitazamwa na wapita njia. Mama alisema ukivaa buibui basi hakuna haja ya gauni. Baba akapatanisha: twende shambani kwetu, njia ya Kaole, kwenye mikorosho, hakuna mtu. Mpiga picha alikuwa na gari, Volkswagen kobe kuukuu, angetuchukua kwa mikupuo. Sote tuliona ni shauri zuri.

Idi mosi ilipita kwa sala na pilau ya mchele tulioutunza. Dada hakula. Alilala chumbani dirisha limefungwa kwa sababu mwanga ulikuwa unamwumiza macho. Mama aliingia akatoka, akaingia akatoka. Nilimsikia akimwambia baba ukumbini, "Tukishapiga picha kesho, keshokutwa nampeleka kliniki." Baba akasema ni vyema, kwanza sikukuu hii hospitalini huenda wako wachache.

Idi pili, baada ya sala ya adhuhuri, gari lilikuja. Mpiga picha alikuwa kijana mwembamba mwenye adabu. Alimwamkia bibi shikamoo kwa magoti yaliyokunjwa, naye bibi akaitikia marahaba akimtazama kwa shaka yeye pamoja na mkoba wake. Walitangulia dada, mama na bibi. Mimi na baba tulikuwa mkupuo wa pili. Tulipofika, mabuibui matatu yalikuwa yametundikwa kwenye tawi la mkorosho, meusi, yanapepea, na chini yake wamesimama mama na dada na nguo nyeupe, na bibi na yake ya kutu. Upepo ulikuwa mkali na mkavu. Maua ya mikorosho yalidondoka juu ya vichwa vyetu.

Mpiga picha aliifunga kamera juu ya miguu mitatu, akatazama, akatikisa kichwa. "Mama, mnisamehe. Nyeupe tupu na jua hili, nguo itawaka, nyuso zitazama. Nitapata magauni, watu sitawapata. Hamna kitu cha rangi?"

Mama akafungua furushi la nguo. Alikuwa amebeba khanga za akiba. Akajitanda yake, akanifunga yangu kiunoni, akamfunika dada moja kubwa kuanzia mabega mpaka magotini. Bibi, katika rangi yake ya kutu, hakuhitaji kitu. "Wewe bibi umekaa sawa kabisa," mpiga picha alisema, na bibi hakufurahi.

Dada aliketi kwenye kiti katikati. Baba nyuma yake, mama kulia, bibi kushoto kwenye kigoda, mimi mchangani mbele ya miguu ya dada ili niizibe.

"Tazameni mkono wangu," mpiga picha alisema akiuinua.

"Uko wapi?" dada aliuliza.

Baba alicheka kidogo. Mpiga picha akaupunga. "Huu hapa, dada."

"Naona cheche," dada alisema. "Zinatembea. Mkono siuoni."

"Jua hilo," mama alisema. "Tazama mbele tu, mwanangu, tumalize."

Akapiga. Akasogeza kiti kidogo, akapiga tena. Alikuwa ameinama kwenye kamera kwa ajili ya nyingine nilipohisi miguu ya dada ikinigonga mgongoni. Nilidhani ananichokoza. Nikageuka nikicheka, nikamwona amekakamaa, macho yamepanda juu, taya limebana, na mikono yake yenye bangili inapigapiga kwenye mbao za kiti. Kiti kikaanguka naye.

Bibi alianza kusoma aya kwa sauti kubwa. Mama alipiga magoti akajaribu kupenyeza ncha ya khanga kati ya meno. Baba alisimama mikono imeinuka, hajui aishushe wapi. Aliyesogea kwanza ni mpiga picha. Aliiacha kamera yake imesimama peke yake juu ya miguu yake, akakimbilia gari, akalirudisha kinyumenyume mpaka likagonga mkorosho. Walimwingiza dada nyuma, kichwa mapajani kwa mama, na mama aliondoka bila buibui, akapita mji mzima vile, na hakuna aliyelisema hilo hata baadaye. Mimi na bibi tulibaki shambani na kamera. Bibi aliyashusha mabuibui kwenye tawi, akayakunja moja moja, akakaa akiyashika.

Tulipofikishwa hospitali, dada alikuwa amelazwa kwenye chumba cha giza amechomwa sindano. Mama alikuwa nje kwenye benchi na mkunga amesimama mbele yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya uchovu.

"Miguu ilianza kuvimba lini?"

Mama alifikiri. "Tangu tulipoanza kutafuta viatu vya picha."

"Na mikono?"

"Tangu gauni lilipokataa."

"Kichwa kiliuma?"

"Ndiyo."

"Macho?"

"Leo. Na jana."

"Kliniki alikuja?"

"Huko Lugoba alikuwa anakwenda. Tangu aje kwetu, bado. Tulisema Idi ipite kwanza."

Mkunga alishusha pumzi. Hakumlaumu. Alisema tu, "Hiki ni kifafa cha mimba, mama. Hutangulia kujionyesha. Ungembonyeza mguu, hapa juu ya kifundo, ungeona kidole kinabaki." Akaingia ndani. Mama aliutazama mguu wake mwenyewe, kisha akaniangalia mimi, na nilijua ananiuliza kwa macho.

Mtoto alizaliwa siku iliyofuata. Alikuwa wa kiume, ametimia, na hakulia. Dada hakujua, alikuwa bado hajazinduka, na madaktari hawakutuahidi kwamba atazinduka.

Baba alikwenda kutafuta sanda. Duka la ushirika lilikuwa limefungwa kwa sikukuu. Yule mzee mwenye duka alimfungulia mlango wa nyuma, akamsikiliza, akampa pole, kisha akasema kwa huzuni, bila ubaya wowote, "Mwalimu, ile ya mwisho mlichukua ninyi."

Baba alitueleza hayo akiwa amesimama uani na kofia yake mkononi. Mama alikwenda chumbani, akarudi na gauni lake la picha, lililovaliwa mara moja tu. Lilikuwa pana, lina mishono michache. Alilitandika mkekani mbele ya bibi, pale pale alipokuwa ametandika jora siku ya kwanza. Bibi aliomba wembe. Alianza kufumua mshono wa ubavuni, uzi baada ya uzi, taratibu, asichane kitambaa.

Mama alivumilia, halafu akasema, "Sema tu, mama."

"Niseme nini?"

"Ulichosema siku ile."

Bibi hakuinua uso. "Si nguo iliyomuua mtoto. Nimemsikia mkunga kama ulivyomsikia. Nilikuwa nimekaa hapa naogopa kitambaa, na mjukuu wangu anavimba mbele ya macho yangu. Shika huku, uvute."

Mama akashika. Waliifumua nguo ile pamoja mpaka ikawa kitambaa kitupu, wakakata kiasi cha mtoto, baba akaondoka nacho.

Dada alizinduka baadaye siku ile ile, akamwulizia mtoto kabla ya kuomba maji. Mama ndiye aliyemwambia. Sikuwepo, na mama hakuwahi kunisimulia alivyosema. Shemeji alifika na basi la kwanza alilopata. Alikaa pembeni ya kitanda siku zote za hospitali, anamlisha mkewe uji kwa kijiko, mtu mkimya mwenye mikono iliyopasuka kwa udongo.

Mpiga picha alikuja tena dada akiwa amerudi nyumbani. Alikataa kuingia ndani, akamkabidhi baba bahasha barazani, akaomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Baba aliificha kabatini. Lakini dada alikuwa amesikia sauti ya mpiga picha, akaiomba picha. Baba alimtazama mama, mama akatazama ukutani, na bibi ndiye aliyesema, "Mpe, ni yake."

Dada aliishika picha muda mrefu. Sisi wengine tulikaa tukisubiri alie. Alipitisha kidole juu ya ile khanga kubwa aliyofunikwa kuanzia mabega mpaka magotini.

"Hapa tuko wote," alisema. "Mimi naye. Sina nyingine."

Aliichukua aliporudi Lugoba. Mama hakuwahi kuitazama.

Baada ya muda mvua zilirudi, unga ukawa mweupe, na dada akashika mimba nyingine. Safari hii hakuja kwetu. Mama alifunga mizigo akamfuata Lugoba, jambo ambalo watu wa mtaa walilishangaa, nami nikapelekwa wakati wa likizo kusaidia kuteka maji. Kila asubuhi, kabla ya chai, kabla hata ya kuulizana habari za kuamka, mama alipiga magoti sakafuni, akauweka mguu wa dada mapajani mwake na kubonyeza juu ya kifundo. Alishikilia kidole pale, akakiondoa, akatazama. Dada alizoea kuendelea na shughuli yake huku mguu mmoja umeshikwa. Yule mtoto alizaliwa salama, msichana, na wawili wakamfuata.

Mama aliporudi Bagamoyo hakuacha. Aliwabonyeza miguu wake za majirani, wauza samaki, wageni waliokuja kuomba maji ya kunywa. Wengine walidhani ni uganga. Hakueleza. Aliwaambia wakae, wanyooshe mguu, akaweka kidole na kusubiri, na akikiona kishimo kimebaki alikuwa tayari amesimama anatafuta viatu vyake vya kwendea hospitali.